Mbegu Kabla Haijawa Mbegu: Tuliyojifunza Mbele ya Hadubini

Anayechunguza mbegu iliyokomaa ana nafuu: anaipima, anaikata, anaiotesha, basi. Anayetaka kujua mbegu inavyojengeka anashika kitu ambacho bado hakijakamilika. Siku ua la haragwe linapofunguka, ovyuli yake, yaani kile kiungo kidogo ndani ya ua kinachokuja kuwa mbegu, haifiki hata milimita moja, na tukio kubwa kuliko yote katika maisha yake hutokea ndani, nyuma ya tabaka kadhaa za seli, mara moja tu. Ndiyo maana historia ya tawi hili la botania imejaa ugomvi. Ukiufuatilia ugomvi huo utaona mara nyingi chanzo chake kilikuwa namna ya kukata, kuhifadhi na kutazama, kuliko nadharia. Makosa hayohayo hutokea mpaka leo kwenye maabara zenye vifaa vya gharama, kwa kuwa ovyuli ni ileile. Kwa hiyo historia na mbinu nitazieleza pamoja.

Jambo la kwanza ni umri. Kila ua lifungwe kikaratasi chenye tarehe siku linapofunguka, na umri uhesabiwe kwa siku tangu kuchanua. Lakini tarehe hiyo isichukuliwe kuwa siku ya uchavushaji. Katika njegere, vifuko vya chavua hupasuka takriban siku moja kabla ya ua kufunguka, hivyo ua linapoonekana kuwa jipya kazi ilishaanza. Halijoto nayo huvuruga kalenda: bustani ikiwa na joto zaidi kwa nyuzi chache, mbegu za siku 12 hufanana na za siku 15 za mahali penye baridi. Dawa yake ni kuandika vipimo viwili kila mara, siku na urefu wa mbegu kwa milimita, na matokeo yanapolinganishwa, urefu uaminiwe zaidi. Ndani ya ganda moja la mkunde pia mbegu hazilingani. Kuna zilizodumaa ambazo zikichanganywa na nyingine huharibu wastani wote. Zitoe, zihesabu, ziandike pembeni.

Mimea ya jamii ya kabichi ina faida ambayo kunde hazina. Capsella bursa-pastoris, gugu dogo lililoenea karibu kila penye hewa ya wastani, huchanua kwenye shina moja kuanzia chini kwenda juu. Shina moja hukupa ngazi nzima ya umri: matunda ya chini yana viinitete, yaani mimea michanga iliyo ndani ya mbegu, vilivyokunjika tayari, ya katikati yana vyenye umbo la moyo, ya juu yana vya duara. Johannes von Hanstein aliutumia mmea huo mwaka 1870 kufuatilia mgawanyiko wa seli mmoja baada ya mwingine, na vitabu vya kufundishia havijauacha tangu hapo. Kuutumia hakuhitaji mengi. Fungua tunda kwa sindano, toa ovyuli, ziloweke dakika chache katika myeyusho wa asilimia 5 wa potasiamu haidroksaidi, weka kioo cha kufunikia kisha kigonge taratibu kwa mpini wa sindano. Ganda hupasuka na kiinitete huteleza nje kikiwa kizima. Ukigonga kwa nguvu, ule uzi wa seli unaokishikilia, yaani suspensa, hukatika, nawe utachora kiinitete kisicho na mkia na kudhani ndivyo kilivyo. Ovyuli zilizoachwa kwenye myeyusho muda mrefu hulainika mno, na kiinitete hutoka kikiwa vipande.

Kabla ya kutazama ovyuli iliyotungishwa, tazama isiyotungishwa. Hatua hii wengi huiruka kwa kuwa inaonekana haina jipya, na kwa maoni yangu hakuna uzembe uliowagharimu wanabotania zaidi ya huo. Rudolf Jakob Camerarius wa Tübingen aliuelewa umuhimu wake mapema. Katika barua yake ya mwaka 1694 alieleza alivyoondoa maua dume ya mbarika kabla hayajapasuka, na alivyokata stigma za mahindi, yaani zile nyuzi zinazopokea chavua. Mbarika ukatoa maganda matupu badala ya mbegu kamili. Hapo jinsia ya mimea ikapata ushahidi wa majaribio, si wa kufananisha tu na wanyama. Lakini Camerarius alikuwa mkweli kiasi cha kuandika pia kilichomsumbua: mimea jike ya katani aliyoitenga ilizaa mbegu kadhaa. Leo sababu hazitafutwi mbali. Mmea jike wa katani mara nyingine hutoa maua machache dume yasiyoonekana kwa urahisi, na chavua ya katani husafirishwa na upepo umbali mrefu.

Sababu ya tatu haikuwapo akilini mwa mtu wakati huo: mbegu bila utungisho. Mwaka 1841 John Smith wa bustani ya Kew alichapisha taarifa ya mmea kutoka Australia, Alchornea ilicifolia, ambao Kew walikuwa nao wa kike peke yake na bado ulizaa mbegu zinazoota. Ilibidi kungoja hadi 1878, Eduard Strasburger alipoonyesha kwamba viinitete vyake huchipuka kutoka kwenye tishu ya mama inayouzunguka mfuko wa kiinitete, ule mfuko wa ndani ya ovyuli wenye yai. Kwa hiyo mbegu ikipatikana kwenye ua lililokatwa stameni, yaani viungo vyake dume, usikimbilie kulaumu mkono wa msaidizi wako. Lakini pia usikimbilie kutangaza muujiza kabla ya kukagua mbinu.

Mbinu yenyewe, kwa njegere, ni hii. Chagua tumba ambalo petali zake zimeanza tu kuchomoza nje ya sepali na bado ni za kijani-nyeupe. Fungua petali ya juu na zile mbili za pembeni, pasua ile ya chini yenye umbo la mashua kwa ncha ya koleo ndogo, kisha toa stameni zote 10: tisa zimeungana kwa chini, moja iko peke yake, na hiyo moja ndiyo husahauliwa. Kama vifuko vya chavua vimeshageuka njano na kutoa unga, tupa tumba hilo. Chovya koleo katika ethanoli ya asilimia 95 kati ya ua na ua, uiache ikauke, kwa sababu ethanoli mbichi huunguza stigma. Funika ua. Katika kila kundi acha maua kadhaa bila kuyapa chavua kabisa. Hayo yanapaswa kunyauka na kudondoka. Yakivimba ganda, kazi ya siku hiyo nzima haiaminiki. Haragwe ni gumu zaidi, maana petali yake ya chini imejisokota na stigma huvunjika unapoinyoosha. Anayeanza aanze na njegere.

Sasa ugomvi wenyewe. Mwaka 1824 Giovanni Battista Amici, fundi wa hadubini wa Italia, aliona mrija ukichomoza kutoka kwenye chembe ya chavua juu ya stigma ya Portulaca oleracea, na mwaka 1830 akaeleza kwamba mrija huo hushuka mpaka kwenye ovyuli. Swali likawa: ukifika, hufanya nini? Mwaka 1837 Matthias Schleiden, jina kubwa katika nadharia ya seli, akajibu kwamba ncha ya mrija husukuma na kuingia mfukoni, huvimba, na kuwa kiinitete. Kwa jibu hilo chavua ilikuwa ndiyo yai, na ovyuli ilikuwa mlezi tu. Amici alipinga, akaonyesha kwa okidi mwaka 1847 kwamba ndani ya ovyuli kuna seli iliyokuwapo kabla mrija haujafika, na ndiyo inayokuwa kiinitete. Bado mwaka 1850 Hermann Schacht alipata tuzo kutoka taasisi ya kifalme ya Uholanzi kwa insha iliyomuunga mkono Schleiden. Aliyeumaliza mjadala alikuwa Wilhelm Hofmeister, kijana asiye na shahada aliyefanya kazi katika biashara ya baba yake ya kuchapisha muziki mjini Leipzig. Kitabu chake cha mwaka 1849, alichokitoa akiwa na miaka 25, kilifuata ovyuli za mimea mingi, hatua kwa hatua, kuanzia kabla ya mrija kufika. Katikati ya miaka ya 1850 Schacht mwenyewe aligeuka.

Schleiden hakuwa mjinga wala macho yake hayakuwa mabovu. Keti na ovyuli iliyotungishwa siku mbili tatu zilizopita na utamwelewa. Mrija huingia kwa kitundu kidogo cha ovyuli, mikropaili. Yai limekaa upande huohuo wa mikropaili. Baada ya utungisho, suspensa huota kutoka hapohapo, ikiwa nyembamba, ndefu, katika mstari uleule wa mrija, na kiinitete kikining'inia mwishoni mwake. Kipande kikikatwa pembeni kidogo ya katikati, au kikibanwa na kioo, mpaka kati ya mrija na suspensa hupotea na macho huona bomba moja linaloishia kwenye mpira wa seli. Kosa hili limezaliwa na jiometri ya ovyuli. Linatibiwa kwa mambo mawili: kuona hatua ya kabla, na kuacha ovyuli ikiwa nzima.

Kuitazama nzima kunawezekana kwa kuing'arisha. Hifadhi ovyuli changa kwa saa kadhaa katika mchanganyiko wa ethanoli sehemu 3 na asidi asetiki kali sehemu 1, zipitishe kwenye ethanoli ya asilimia 90 kisha 70, halafu ziweke katika myeyusho wa klorali haidreti gramu 8, gliseroli mililita 1 na maji mililita 2. Ovyuli za Arabidopsis, gugu dogo linalopendwa na maabara, kabla ya kiinitete cha umbo la moyo hung'aa ndani ya saa moja au mbili. Zilizokomaa zaidi ziachwe usiku kucha, na ganda likishaanza kuwa kahawia njia hii hufika mwisho wake. Kwa ovyuli nene kuna kimiminika kilichobuniwa na J. M. Herr mwaka 1971: asidi ya lakti, klorali haidreti, fenoli na mafuta ya karafuu sehemu 2 kila kimoja kwa uzito, na zailini sehemu 1. Kinafanya kazi vizuri na kinanukia kwa mbali, ila fenoli huunguza ngozi, hivyo glavu na chumba cha kunyonya hewa havina mjadala. Klorali haidreti nayo ni dawa inayodhibitiwa na sheria katika nchi nyingi. Ifungiwe na iandikwe daftarini kila inapopimwa.

Ovyuli iliyong'arishwa haina rangi. Unaitazama kwa hadubini yenye mfumo wa Nomarski, unaotoa picha kama ya mwinuko kwa tofauti za mpindo wa mwanga, ukisogeza fokasi polepole kutoka juu hadi chini. Hapo ovyuli isiyotungishwa ya mimea mingi itakuonyesha mpangilio uleule: yai na seli mbili saidizi upande wa mikropaili, seli kubwa ya kati yenye viini viwili, na seli tatu ndogo upande wa pili. Viini vinane, seli saba. Weka vipande viwili vya kioo pande zote za tone kabla ya kufunika, ili kioo cha juu kisilalie ovyuli. Bila nguzo hizo unarudi kule kwa Schleiden. Kuchagua mmea nako ni nusu ya kazi: wakubwa wa karne ya 19 walizikimbilia okidi na Monotropa kwa kuwa ovyuli zake zina tabaka chache na hupitisha mwanga zikiwa hai. Strasburger aliona kiini cha kiume kikiungana na cha yai mwaka 1884 akitumia Monotropa.

Kukata vipande kwa nta bado kunahitajika, hasa ukitaka kuona wanga na protini zinavyojazwa. Kihifadhi cha kawaida ni mililita 90 za ethanoli ya asilimia 50 au 70, mililita 5 za fomalini na mililita 5 za asidi asetiki kali, kwa muda usiopungua saa 24. Kihifadhi kiwe angalau mara kumi ya ujazo wa tishu. Mbegu zina hewa na ganda lenye nta, kwa hiyo zichome kwa sindano au zikate kipande pembeni, kisha vuta hewa kwa pampu mpaka zizame. Inayoelea haijahifadhiwa katikati, hata ikikaa wiki. Halafu ondoa maji kwa ngazi za ethanoli, penyeza nta ya nyuzi 56 hadi 58, kata kwa unene wa maikromita 8 hadi 10.

Matatizo yanayojirudia ni machache. Endospemu, yaani tishu ya chakula inayokilisha kiinitete, ikiwa changa katika mimea mingi ni kimiminika chenye viini huru visivyo na kuta, na ethanoli huifanya isinyae na kujibandua. Ile nafasi tupu inayozunguka kiinitete kwenye picha nyingi za vitabu imetengenezwa na ethanoli. Wanga mwingi hufanya kipande kichanike. Hapo punguza unene au loweka uso wa nta kwenye maji yenye gliseroli kabla ya kukata. Na ovyuli za Capsella na haragwe zimepinda, hivyo hakuna kipande kimoja kinachoweza kuonyesha mikropaili, suspensa na ncha ya kotiledoni, yaani jani la mbegu, kwa pamoja. Utepe wote upangwe kwenye slaidi kwa mfuatano, kila slaidi na namba yake. Kipande "kizuri" kilichochaguliwa peke yake na kingine kutupwa ni ushahidi dhaifu sana.

Mwezi Agosti 1898, mjini Kiev, Sergei Nawaschin alitangaza kwamba katika Lilium martagon na Fritillaria tenella, mimea ya jamii ya yungiyungi, viini vyote viwili vya kiume vina kazi: kimoja huungana na yai, cha pili na viini vya seli ya kati, na kutoka huko endospemu huzaliwa. Léon Guignard wa Ufaransa alifika hapohapo kwa njia yake mwaka 1899. Lilium ilikuwa chaguo zuri kwa ukubwa wa viini vyake, na kwa sababu hiyo ikawa mfano wa vitabu vyote. Hapo ndipo pana mtego. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Valeria Bambacioni alionyesha kwamba mfuko wa kiinitete wa jamii hii haujengeki kama wa mimea mingi: viini vinne vya mwanzo vyote hubaki, vitatu huungana, na endospemu hutokea ikiwa na seti tano za kromosomu badala ya tatu. Maabara nyingi bado zina masanduku ya slaidi za Lilium kwa ajili ya wanafunzi. Ni nzuri kwa kufundishia macho; kwa kufundishia kanuni ya jumla hazifai.

Kutoka hapo kunakuja jambo linalowachanganya hata wenye shahada. Mbegu moja ina vizazi viwili na mirathi ya namna tatu: ganda ni la mama mtupu, kiinitete kina seti moja ya mama na moja ya baba, na endospemu kwa kawaida ina mbili za mama na moja ya baba. Gregor Mendel, katika makala yake ya mwaka 1866, alilitenganisha hili kimyakimya. Umbo la njegere na rangi ya kotiledoni alizihesabu kwenye mbegu zilezile zilizotokana na uchavushaji. Rangi ya ganda aliingojea mpaka mbegu hizo ziwe mimea nayo izae. Ukihesabu rangi ya ganda msimu uleule wa kuchavusha, utapata mbegu zote zikifanana na mama na utadhani uchavushaji umeshindwa.

Njegere zenye mikunjo za Mendel zina maelezo mazuri ya ukuaji wa mbegu. Mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza matawi ya wanga imeingiliwa na kipande cha DNA chenye urefu wa takriban jozi 800. Wanga hupungua, sukari hubaki nyingi, sukari huvuta maji, mbegu hutanuka kupita kiasi, na ikikauka ganda hukunjamana. Kwa hiyo ukichambua njegere mbichi kwa umbo utakosea. Mbichi zote ni duara. Asiyetaka kungoja zikauke akwangue kotiledoni kidogo kwenye tone la iodini iliyozimuliwa: njegere laini hutoa chembe za wanga nzima zenye umbo la yai, za mikunjo hutoa chembe zilizopasuka kama zimeunganishwa vipande vipande.

Hatua ya mwisho, kukauka, ndiyo inayodharauliwa zaidi. Mbegu changa ya haragwe ina maji zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake. Inapoacha kuongeza uzito mkavu bado ina kati ya asilimia 50 na 60, na hapo mkulima huiona haijaiva. Pima kwa oveni ya nyuzi 103 kwa saa 17. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100. Tenganisha ganda na kiinitete kabla ya kupima, kwa sababu ganda hushika maji yake na kuficha kinachotokea ndani. Uwezo wa kuvumilia ukavu huja baada ya uwezo wa kuota. Emil Hannig alishaonyesha mwaka 1904, kwa figili na Cochlearia, kwamba kiinitete kichanga kikitolewa na kulishwa sukari na chumvi huweza kuota bila kumaliza kukomaa, kikatoa mche dhaifu. Ndani ya mbegu, homoni iitwayo asidi ya abisisi na uhaba wa maji hukizuia kisifanye hivyo. Mbegu iliyochumwa mapema ikaushwe ndani ya ganda la tunda lake, polepole, kivulini. Ikimenywa na kukaushwa haraka hufa katika umri ambao dada yake aliyebaki gandani anaishi. Na zipo mbegu zisizovumilia ukavu kamwe: E. H. Roberts alizitenga kama kundi mwaka 1973, na mwaka 1990 likaongezwa kundi la katikati, ambamo kahawa ya arabika imo.

Kujua kama iliyokaushwa iko hai bila kungoja iote, tumia tetrazolia ya asilimia 1 yenye pH karibu na 7. Loweka mbegu usiku kucha, ipasue kwa urefu, iweke gizani kwa nyuzi 30 kwa saa kadhaa. Tishu hai hugeuka nyekundu. Wekundu uliokolea sana karibu na rangi ya damu huashiria seli zilizoumia. Ukungu na bakteria nao hutia wekundu, wa madoamadoa. Na myeyusho wenye asidi hauleti rangi hata kwa mbegu iliyo hai. Wekundu wa ncha ya mzizi ndio unaoamua. Kotiledoni nyekundu yenye mzizi mweupe ni mbegu iliyokufa.

Kuhusu mbegu zinazodaiwa kuishi karne nyingi, swali la kwanza liwe zilikotoka. Jaribio la William James Beal, aliyezika chupa 20 za mbegu Michigan mwaka 1879, linaaminika kwa kuwa kila chupa ina rekodi, na mwaka 2021 Verbascum ilichipuka kutoka kwenye mojawapo. Lupini za Yukon zilizotangazwa mwaka 1967 kuwa na umri wa miaka 10,000 zilipimwa kwa kaboni ya mnururisho na matokeo yakachapishwa 2009: zilikuwa mbegu za kisasa zilizoingia kwenye mashimo ya zamani ya panya. Mtende ulioota mwaka 2005 kutoka kwenye kokwa ya Masada, ngome ya kale iliyoko Israeli, uliepuka aibu hiyo kwa sababu vipande vya ganda la mbegu vilivyobaki vimeshikamana na mizizi ya mche vilihifadhiwa vikapimwa, na umri ukatoka takriban miaka 2,000. Anayeotesha mbegu ya kale aweke kando ganda la mbegu ileile iliyoota, ndani ya karatasi safi, kabla ya kuuhamishia mche kwenye udongo.